Kutoka Ukingo hadi Mshono: Nafasi ya Kuona na Kuwaza katika Kuhuisha Kitovu cha Mji wa Zanzibar

Ikisiri

Tahakiki hii inachunguza namna wakaazi wanavyouona mji wao na namna wanavyouwaza, na jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kusaidia kuhuisha kitovu cha mji. Mfano uliotumika ni Mji wa Zanzibar, wenye sehemu mbili zinazotazamana: Mji Mkongwe na Ng'ambo. Kazi zilizohakikiwa ni tatu: nadharia ya Kevin Lynch kuhusu taswira ya mji (1960), riwaya ya Adam Shafi iitwayo Vuta N'kuvute (1999), na mpango wa mji uitwao Ng'ambo Tuitakayo. Hoja kuu ni kwamba mpaka baina ya sehemu hizo mbili umekwisha kuondoka ardhini lakini umebaki katika lugha na katika fikra. Kwa hiyo, juhudi zinazokarabati kuta bila kuugusa mpaka huo zinahuisha sura ya mji na kuacha uhai wake nyuma.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu Mji Mkongwe wa Zanzibar ulikuwa rasi iliyozungukwa na maji karibu pande zote. Upande wa mashariki ulitengwa na hori lililojaa wakati wa maji makuu na kukauka maji yalipokupwa, na walioishi upande wa pili wa hori hilo walisemwa kuwa wanaishi ng'ambo. Hori hilo lilifukiwa kidogo kidogo. Ilipofika katikati ya karne ya 20 sehemu yake kubwa ilikuwa ardhi kavu, na hapo ikapita barabara iliyojulikana kwa jina la Creek Road, ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Daraja lililounganisha pande mbili halipo tena. Hata hivyo, soko lililopo mahali hapo bado linaitwa Darajani, na mitaa iliyo upande wa mashariki bado inaitwa Ng'ambo.

Hali hiyo inazua swali la msingi la tahakiki hii: ikiwa maji yamekwisha kuondoka, kwa nini mpaka haujaondoka? Jibu linalopendekezwa ni kwamba mji hukaa mahali pawili kwa wakati mmoja. Hukaa juu ya ardhi, ambapo unaweza kupimwa na kuchorwa. Na hukaa katika fikra za watu, ambapo hupimwa kwa majina, mazoea, hofu na matamanio. Mabadiliko ya mahali pa kwanza hayaleti moja kwa moja mabadiliko ya mahali pa pili.

Suala hili lina uzito kwa sababu ya hali ya kitovu chenyewe. Mji Mkongwe uliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tangu utalii ulipopanuka, nyumba nyingi za makaazi zimegeuzwa hoteli, mikahawa na maduka ya vitu vya watalii. Kinachohofiwa ni kupata kitovu ambacho kuta zake zimesimama lakini Mzanzibari hukiingia asubuhi kwenda kufanya kazi na kutoka jioni kurudi Ng'ambo, asikihesabu kuwa ni mahali pake.

2.0 Taswira ya Mji kwa Mujibu wa Lynch

Katika kitabu chake cha mwaka 1960, The Image of the City, Lynch alichunguza miji mitatu ya Marekani: Boston, Jersey City na Los Angeles. Badala ya kutegemea ramani za wapimaji peke yake, aliwahoji wakaazi na kuwataka wachore ramani za mji kama walivyoukumbuka. Kutokana na majibu yao alibainisha viambajengo vitano vya taswira ya mji: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Mji ambao viambajengo vyake vinashikika akilini kwa urahisi, kwa mujibu wa Lynch, ni mji unaosomeka.

Mchango wa nadharia hii ni kwamba imempa mtembea kwa miguu nafasi ya shahidi. Mpangaji mji hana budi kuuliza mji unaonekanaje kwa wanaoutumia kabla ya kuamua unahitaji nini. Aidha, Lynch alitoa tofauti moja yenye manufaa makubwa kwa Zanzibar. Alieleza kwamba ukingo unaweza kuwa kizuizi kinachotenga maeneo mawili, na unaweza pia kuwa mshono unaoyaunganisha, iwapo macho na miguu vinaweza kuupenya. Kwa hiyo ukingo si lazima uondolewe ili mji uungane. Unaweza kubadilishwa kazi.

Hata hivyo, nadharia hii ina upungufu unaodhihirika inapopelekwa Zanzibar. Kwanza, watoa taarifa wa Lynch walikuwa wachache, takribani 30 katika Boston na 15 katika kila mmoja wa miji mingine miwili, na wengi wao walikuwa wa tabaka la wataalamu na mameneja. Lynch mwenyewe alikiri upungufu huo. Pili, nadharia inategemea zaidi jicho. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo kuta ndefu huziba upeo wa macho kila baada ya hatua chache, mtu huelekezwa kwa msikiti, kwa duka la fulani, kwa nyumba ya ukoo fulani, na mara nyingine kwa harufu ya mkate au kwa sauti ya adhana.

Upungufu wa tatu ndio mkubwa zaidi. Lynch aliigawa taswira ya mji katika mambo matatu: utambulisho, muundo na maana. Kisha, kwa kuwa maana hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, aliiweka kando na kushughulikia mawili ya kwanza. Uamuzi huo ulimsaidia kiutafiti, lakini majina ya Zanzibar yanaonesha kilichopotea. Darajani hapana daraja tena. Jina la Mkunazini linakumbusha mti, jina la Sokomuhogo linakumbusha biashara, na jina la Kisiwandui linabeba kumbukumbu ya maradhi. Hizi ni alama ambazo jicho halizioni, lakini ndizo zinazomwelekeza mkaazi. Mtafiti atakayechora njia na makutano bila kusikiliza majina atapata ramani sahihi ya mji ambao hakuna anayeishi ndani yake.

3.0 Majina Mawili, Mahali Pamoja pa Kusimama

Majina ya sehemu mbili za mji yanastahili kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa ndani yake umo mtazamo uliougawa mji. Jina "Mji Mkongwe" hutambulisha mahali kwa wakati: ni mji uliotangulia, wenye umri, na kwa hiyo wenye kustahili heshima. Jina "Ng'ambo" hutambulisha mahali kwa umbali. Zaidi ya hayo, neno ng'ambo ni neno la kuelekeza. Halina maana kamili mpaka ijulikane msemaji amesimama wapi. Mtu aliyezaliwa Kikwajuni au Miembeni anaposema kwamba anakaa Ng'ambo, anakuwa amekubali, bila ya kukusudia, kuutazama mtaa wake akiwa amesimama upande wa pili.

Mtazamo huo haukubaki katika lugha tu. Utawala wa kikoloni uliuchukulia mji kama miji miwili, mmoja wa mawe na mwingine wa vibanda, na mpango wa H. V. Lanchester wa mwaka 1923 uliandaliwa ndani ya fikra hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilikusudia kuugeuza mpangilio huo. Mpango wa mwaka 1968, uliotayarishwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ulihusishwa na ujenzi wa majumba marefu ya Michenzani katikati ya Ng'ambo. Ilikuwa ndoto yenye nguvu: mkaazi wa nyumba ya udongo apate fleti yenye maji na umeme, na kitovu cha mji kihamie kwa waliokuwa wamesukumwa pembeni. Wakati huohuo, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizotaifishwa zilipata wapangaji wapya lakini hazikupata matunzo ya kutosha.

Ndoto ya Michenzani ilibadilisha mandhari, lakini haikubadilisha majina. Sababu moja ni kwamba ilijenga kitovu kipya kwa kukipa kisogo cha zamani. Badala ya kuugeuza ukingo kuwa mshono, iliuacha ulipo na kuweka uzito upande wa pili. Tangu hapo kila awamu ya mipango imelazimika kuchagua upande wa kuuhurumia.

4.0 Picha ya Mgeni na Uhai wa Mkaazi

Juhudi za kuunusuru Mji Mkongwe zilipata chombo rasmi mwaka 1985, ilipoundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Haitakuwa haki kuzibeza. Zilibadilisha namna majengo yalivyoonwa: nyumba iliyohesabiwa kuwa gofu la enzi iliyopita ikaanza kuonwa kuwa urithi. Badiliko hilo la mtazamo ndilo lililovuta fedha na sheria.

Mfano wa chokaa unaeleza vizuri uhusiano wa kuona na kutenda. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Anayeuona ukuta huo kuwa ni jiwe tupu huuziba kwa saruji, kwa imani kwamba saruji ni imara zaidi. Saruji huzuia unyevu usitoke, na ukuta huoza ndani huku nje ukionekana mpya. Fundi anayejua kwamba ukuta wa chokaa hupumua huutengeneza kwa chokaa. Mafundi hao wawili wana nia moja, na wanatofautiana katika kile wanachokiona wanapoutazama ukuta.

Hali hiyohiyo hutokea kwa mji mzima. Urithi unapoonwa kama sura ya nje, yaani milango ya nakshi, roshani na mandhari ya baharini, ukarabati huelekezwa kwenye kile ambacho mgeni atakipiga picha. Baraza za nje ya nyumba hutoa ushahidi. Katika picha ya mgeni, baraza ni pambo la usanifu. Kwa mkaazi, baraza ni mahali pa kucheza bao, kunywa kahawa, kupokea habari ya msiba, na wakati wa mvua kubwa ni njia ya kupitia maji yanapojaa kichochoroni. Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu miji mikubwa ya Marekani, alidai kwamba usalama wa mtaa hutokana na macho ya watu wanaoutumia saa zote. Baraza lililobaki bila wakaazi huendelea kuwa zuri, lakini halina macho.

Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020 kulionesha udhaifu wa mtazamo unaotegemea sura. Jengo hilo, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, lilikuwa alama kuu ya mji kwa maana ya Lynch: lilionekana kutoka baharini, na mnara wake wa saa ulitambulikana na kila mtu. Lilikuwa katika ukarabati lilipoanguka, na watu wawili walipoteza maisha. Jengo lililopigwa picha mno lilikuwa limechoka ndani. Umashuhuri wa sura haukuwa kinga.

Kwa upande mwingine, Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati ulioongozwa na taasisi ya Aga Khan, imebaki hai kwa sababu inayotofautiana na usanifu wake. Jioni familia kutoka pande zote mbili za mji huja kupunga upepo, vijana huruka baharini kutoka ukutani, na wauza urojo na mishikaki huwasha taa zao. Mgeni naye hukuta mahali penye watu, na hilo ndilo linalomvutia. Ukarabati wa Forodhani ulifaulu kwa kadiri ulivyoyaacha mazoea ya wakaazi yaendelee.

5.0 Kuvuka katika Vuta N'kuvute

Iwapo mpaka umo katika fikra, basi fasihi ina neno la kusema kuhusu upangaji wa mji. Vuta N'kuvute, riwaya inayosawiri Zanzibar katika miaka ya mwisho ya utawala wa kikoloni, kwa kawaida imehakikiwa kama riwaya ya harakati za ukombozi na ya ukombozi wa mwanamke. Tahakiki hii inapendekeza isomwe pia kama ramani ya mji. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume anayemzidi sana umri, anaikimbia ndoa hiyo. Anakataliwa na jamaa zake, na anapata hifadhi kwa Mwajuma, katika maisha ya Ng'ambo. Hapo ndipo anapokutana na Denge na wenzake wanaopambana na ukoloni.

Kinachohusika hapa ni mwelekeo wa safari. Kwa mtazamo wa jamaa zake, Yasmin ameshuka: ametoka kwenye duka na heshima akaangukia uswahilini. Kwa mtazamo unaojengwa na riwaya, Yasmin amefika. Ng'ambo inageuka kuwa mahali pa muziki, urafiki na fikra za kisiasa, nayo nyumba ya ndoa inabaki kuwa mahali pa kufungiwa. Msomaji anayemfuata Yasmin analazimika kuhama mahali anaposimama, na anapohama, neno ng'ambo linapoteza mwelekeo wake wa zamani. Jambo hilo halikufanywa na mpango wowote wa mji uliotajwa hapo juu. Pengine si ajabu kwamba riwaya hiyo ilipata uhai mpya katika filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, wakati ambapo mjadala kuhusu mji ni wa nani ulikuwa ukiendelea.

Historia ya sanaa inaunga mkono usomaji huu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia mjini mwaka 1911 na kurekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, aliishi Ng'ambo na aliimba katika kasri ya Sultani. Taarabu yake haikuwa na upande mmoja wa hori. Kuvuka kwa Yasmin, kwa hiyo, si njozi ya mwandishi; kunaendana na mazoea ya mji ambayo ramani rasmi haikuyasajili.

Riwaya nayo ina mipaka yake. Inaupindua mpaka bila ya kuufuta. Ng'ambo inapata sifa kwa kulinganishwa na ufungaji wa upande wa pili, na mtu wa kawaida wa Mji Mkongwe asiye tajiri, kama vile mpangaji wa chumba kimoja au fundi wa chini, hapati nafasi kubwa. Msomaji anayetaka mshono anapata badala yake ukingo uliogeuzwa uso.

6.0 Ng'ambo Tuitakayo: Kiambishi na Mamlaka

Mpango wa Ng'ambo Tuitakayo uliandaliwa katika muongo wa 2010 na idara ya serikali inayoshughulikia mipango ya miji na vijiji, kwa ushirikiano na taasisi ya African Architecture Matters na Jiji la Amsterdam. Ulifuata mkabala wa UNESCO wa mwaka 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji, unaotaka urithi usitenganishwe na maisha yanayouzunguka. Katika mpango huo Ng'ambo ilichukuliwa kuwa na urithi wake: viwanja, masoko, majumba ya starehe, miti ya kukaa chini yake, na kumbukumbu zisizo na jengo. Matokeo ya kazi hiyo ya kukusanya taarifa yalichapishwa baadaye katika Ng'ambo Atlas (2019).

Kwa mtazamo wa tahakiki hii, jina la mpango ni hatua ya kwanza ya utekelezaji wake. Katika neno "tuitakayo", kiambishi tu- kinamweka msemaji katika nafasi ya mtendaji, na kiambishi -i- kinaifanya Ng'ambo kuwa kitu kinachotakwa. Neno lililokuwa likitumika kuonesha umbali linatumika sasa kuonesha hamu. Hakuna haja ya kulifuta jina la Ng'ambo, kwani kulifuta ni kufuta kumbukumbu. Limepewa kitenzi kipya.

Lakini kiambishi tu- kinadai uthibitisho. Nani anahesabiwa ndani yake? Mwenye nyumba na mpangaji hawataki mji mmoja. Mwanamke anayeuza vitumbua barabarani anataka kivuli na wapita njia. Mwenye gari anataka maegesho mahali hapohapo. Mpango unaosema "sisi" una wajibu wa kuonesha mahali ambapo matakwa yaligongana na namna yalivyoamuliwa. Hapa upungufu wa Lynch wa mwaka 1960 unaweza kujirudia kwa sura nyingine: watu wachache wenye nafasi ya kuhudhuria mikutano wakachukuliwa kuwa ndio mji.

7.0 Pingamizi

Hoja hii inaweza kupingwa kwamba inatia chumvi nguvu ya fikra. Nyumba za Mji Mkongwe huanguka kwa sababu ya mvua, unyevu na ukosefu wa fedha. Nyingi ni mali ya serikali au ya wakfu, zina wapangaji wengi wanaolipa kodi ndogo, na kodi hiyo haitoshi kutengeneza paa. Mtazamo mpya haununui chokaa.

Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu, na tahakiki hii haidai kwamba kuwaza kunaweza kuchukua nafasi ya bajeti. Inachodai ni kwamba bajeti hufuata kile kilichokwisha kuonwa kuwa na thamani. Fedha za hifadhi zilikwenda Mji Mkongwe baada ya kuonwa kuwa urithi; Ng'ambo haikupata fedha za aina hiyo kwa muda mrefu kwa kuwa haikuonwa hivyo. Hata ndani ya Mji Mkongwe, nyumba itakayogeuzwa hoteli hupata mwekezaji mapema kuliko nyumba ya wapangaji kumi. Kuuliza mji unaonwaje ni kuuliza fedha zitakwenda wapi.

8.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonesha kwamba kitovu cha Mji wa Zanzibar kimegawanywa na ukingo ambao umetoweka ardhini na kubaki katika lugha. Nadharia ya Lynch inatoa istilahi ya kuueleza ukingo huo na uwezekano wa kuugeuza kuwa mshono, lakini kwa kuiweka maana kando inashindwa kueleza kwa nini unadumu. Vuta N'kuvute inamhamisha msomaji mahali anaposimama, jambo ambalo ramani haiwezi kulifanya, ingawa inauacha mpaka wenyewe mahali pake. Ng'ambo Tuitakayo inaibadilisha sarufi ya mji, na thamani yake itategemea upana wa kiambishi tu-.

Kutokana na matokeo hayo, mambo matatu yanapendekezwa kwa watafiti. Kwanza, tafiti za kuhuisha miji ya Waswahili zikusanye majina ya mahali na maelezo yake kama data ya msingi, sawa na vipimo vya majengo. Pili, uhai wa kitovu upimwe kwa idadi ya wakaazi wanaolala na kutumia mahali hapo katika nyakati mbalimbali, pamoja na idadi ya wageni. Tatu, Darajani pachunguzwe kama mahali pa kuanzia. Kila siku maelfu ya watu wa pande zote mbili hukutana hapo kununua samaki, khanga na viungo, na kubadilishana habari. Mshono ambao mipango imeutafuta kwa takribani karne moja tayari unashonwa hapo na wanunuzi na wauzaji, na kazi iliyobaki kwa mpangaji ni kuuona na kutoukata.